Koito Iliyongoja Bahari

Kaplong,
4 Machi 2024

Ndugu yangu Kipkemboi,

Chamgei, nakusalimu huko kwenye joto. Sisi ni wazima, isipokuwa goti la Mama ambalo limeanza tena, na hataki kusikia habari za hospitali ingawa iko hapa hapa chini. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Mvua imekuja mapema na majani ya chai yanaota haraka, lakini kiwandani wametuambia pale senta ya kupimia majani tupunguze kupokea kwa sababu stoo imejaa. Wanasema meli za chai zinazunguka Afrika yote kwa kuogopa kushambuliwa Bahari ya Shamu. Baba mdogo Johana aliposikia hivyo akawaambia wakulima wote waliopanga foleni kwamba mwenye makosa ni wewe, maana si wewe unalinda meli? Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshika mzani.

Nakuandikia kwa sababu mara ya mwisho ulinikatia simu, na kabla ya hapo simu yako ilikuwa kwenye lile sanduku mnalowekea simu mlangoni pa ofisi, na kabla ya hapo ulikuwa umelala mchana kama popo. Barua huwezi kuikatia.

Sasa sikiliza. Tarehe ishirini na nne Februari ilikuwa siku ya koito yangu, ya wakwe kuja kupatana mahari. Ulijua. Nilikwambia Krismasi, ukaandika kwenye mkono wako kwa kalamu, nikaona. Wazee wa mchumba wangu Mageto walitoka Kapsoit wamevaa makoti, babake mzee Onsongo mwenyewe mbele, na Mageto ameomba ruhusa kiwandani wakati boila inamhitaji. Walisimama nje ya geti kama desturi inavyotaka, wakangoja waitwe. Mama akakaa jikoni. Nilipomwendea akaniambia maneno haya haya: "Hakuna ng'ombe itaingia hii boma kama kijana yangu hayuko. Baba yenu alienda, sasa mwenye kiti ni Kipkemboi." Wakwe walipewa chai na maziwa ya mursik, wakaulizwa habari za mvua, wakarudi walikotoka. Mazungumzo hayakuanza kabisa.

Unajua na mimi najua kwamba Mama hajawahi kusema neno baya juu ya Wakisii, watu wa Mageto. Hatasema. Anasema tu wewe hauko. Kila usipokuja unampa sababu nyingine ya kukaa jikoni, na nimechoka kuona akizipokea kwa furaha.

Tumepanga tena Jumamosi ya Pasaka, tarehe thelathini. Usiniambie habari ya Desemba. Desemba haiwezekani, na usiniulize kwa nini.

Ni mimi dadako,
Tecla


Mombasa,
15 Machi 2024

Dada Tecla,

Barua yako imefika na gari la Jumanne, imekunjwa vizuri na majani ya chai mawili ndani, sijui uliyaweka makusudi au yalianguka kutoka kwenye mikono yako. Nashukuru kusikia habari za ndama. Mwambie Mama apeleke hilo goti hospitali, asiningoje mimi hata kwa goti. Mimi sijambo. Joto ni lile lile. Samahani kwa bahasha ya ofisi, nyumbani sina nyingine.

Kuhusu Februari, nilikosea, nisamehe. Lakini naomba mwache kuongea juu ya kazi yangu kama mnavyoongea. Nimesikia kwamba Mama alisimama kanisani akaomba waumini wamshukuru Mungu kwa kuwa mwanawe anapiga risasi maharamia. Tecla, sijawahi kushika bunduki. Mimi nakaa kwenye kiti. Mbele yangu kuna skrini, redio na simu mbili. Wenye bunduki ni wanamaji wetu na manowari za mataifa mengine zinazozunguka huko nje. Lakini meli ikivamiwa, au mashua ikianza kuzama, simu ya kwanza inaweza kulia hapa kwetu, na lazima mtu aipokee, ajue mpigaji yuko wapi, na amwite aliye karibu naye. Nchi yetu ilikubali mbele ya nchi nyingine kwamba itasikiliza sehemu fulani ya bahari, sehemu kubwa kuliko Kenya yote. Nchi ikishakubali, anayesikiliza ni mtu. Siku nyingine ni mimi.

Kwa hivyo Baba mdogo asiwaambie watu wa senta kwamba mimi ndiye nimezuia chai yao. Bahari ya Shamu haiko kwetu hata kidogo. Kwetu ni hii ya upande wa Somalia na kushuka chini, na huku nako tangu Novemba maharamia wamerudi, ambao watu walidhani wamekwisha.

Pasaka nitajaribu. Likizo zimebanwa. Kama sitafika, kwa nini Baba mdogo asikae kwenye kiti cha Baba? Ni damu moja. Na kwa nini Desemba haiwezekani? Miezi michache tu.

Salamu kwa Mama, kwa Baba mdogo, na kwa Mageto.

Kipkemboi


Kaplong,
2 Aprili 2024

Kipkemboi,

Salamu. Ndama anaendelea vizuri. Goti ni lile lile. Baba mdogo amebandika bahasha yako ukutani kando ya kalenda kwa sababu ina nembo ya serikali, na kila mgeni akiingia anaonyeshwa.

Hukuja.

Safari hii wakwe hawakufika hata getini. Nilimpigia Mageto Ijumaa Kuu nikamwambia wasisumbuke, maana Mama alikuwa ameshanitangazia kwamba kama hujashuka kwenye basi kufikia jioni, yeye Jumamosi ataenda Siongiroi kumwona shangazi Rodah. Akaenda kweli, na hilo goti lake. Mageto hakukasirika. Ningependa akasirike. Alisema tu kwamba babake ameanza kuuliza kama hii familia ina mwanamume au ina picha ya mwanamume. Mzee Onsongo alikuja huku kuchuma chai akiwa kijana, akanunua shamba Kapsoit kwa jasho, amezika wazazi wake hapo, na bado anaambiwa asimame getini angojee mtoto ambaye yuko Mombasa amekaa kwenye kiti.

Unauliza kwa nini Baba mdogo asikae mahali pa Baba. Nilimuuliza Mama. Alisema Johana akipewa soda anakubali kila kitu. Hapo alisema ukweli, lakini si ndiye mtu tunayemtaka?

Sasa nikwambie jambo. Ijumaa hiyo hiyo nilipiga namba yako ya kawaida mara tisa. Mara ya tisa akapokea msichana anaitwa Loice, mwenzako wa shifti, akasema umelala chumba cha kupumzikia na simu umeiacha mezani. Ana sauti nzuri, heshima nyingi. Nikamwomba akusaidie kupata likizo, maana nasikia zimebanwa. Akasema, "Dada, hakunyimwa. Alipewa siku tano. Alizirudisha yeye mwenyewe."

Nilikaa kwenye magunia ya mbolea pale senta na wakulima wakanipita.

Ulipewa siku tano ukazirudisha. Mimi nimewaambia wakwe mara mbili kwamba serikali ndiyo imekuzuia. Nimewadanganya watu wazima kwa ajili yako. Hizo meli unazoniandikia ni za Wagiriki na Wahindi na Wachina, zina wenyewe, zina bima, zina manowari umesema mwenyewe. Kwani bahari yote ni ya mtoto wa Kaplong? Loice hawezi kupokea simu kwa siku tano? Mbona yangu aliipokea vizuri?

Kama humtaki Mageto kwa sababu ile ile ya Mama, sema. Nitaumia lakini nitajua nasimama na nani. Ukinyamaza nitajua umekubaliana naye.

Tarehe ni ishirini na saba Aprili. Baba mdogo ameapa kwamba safari hii koito itafanyika, uwe au usiwe, na atajua la kufanya na Mama. Mimi namwogopa anaposema anajua la kufanya.

Tecla


Mombasa,
11 Aprili 2024

Tecla,

Natumaini nyote mko salama na mvua hii, tunasikia ni kubwa.

Mageto nampenda. Ni mtu anayesikiliza mtambo wake kabla ya kuugusa, na anakuheshimu. Ningekuwa na dada kumi ningempa achague, na asipokuchagua wewe ungempiga. Usiniandikie tena kwamba nasimama na Mama.

Ni kweli nilirudisha siku tano. Loice hakupaswa kukwambia, na mimi sikupaswa kukudanganya. Sitaki kueleza sababu. Nitasema tu kwamba Desemba nilitoka kwenye kiti hiki siku nne, kuja kwa kumbukumbu ya Baba, na nilipoondoka kulikuwa na kazi sijaimaliza. Tangu siku hiyo nikiwa na shifti nakaa, na nisipokuwa na shifti nakaa karibu. Huo ndio ukweli wote ninaoweza kuandika. Ukiuona mdogo, basi.

Na usiseme tena kwamba meli zina wenyewe. Ndani ya meli kuna watu, na watu hao si wenye meli. Wengi ni wapishi na mafundi, watoto wa watu, wametoka vijijini kama sisi. Nimechoka kuulizwa na ndugu zangu kwa nini najali. Ofisini hakuna anayeniuliza.

Tarehe ishirini na saba niko kwenye shifti ya mchana. Sitaomba ruhusa. Mwambie Mama nimebariki, kwa maandishi, huu hapa mkono wangu: nimekubali dada yangu Tecla aolewe na Mageto mwana wa Onsongo. Msomee mbele ya wazee.

Kipkemboi


Kaplong,
29 Aprili 2024

Kipkemboi,

Sina salamu nyingi. Watu wote ni wazima na wote hawaongei.

Naandika ili ujue kilichotokea upande huu, maana upande wako nadhani ulisikia vya kutosha.

Jumamosi wakwe walifika saa saba mchana, viatu mikononi kwa sababu ya tope. Safari hii Baba mdogo hakungoja Mama atoke jikoni. Alienda mwenyewe getini, akawaingiza sebuleni, akawapangia viti, akamwita Mama kwa sauti mbele ya wageni ili aone haya kukataa. Mama akaja. Akakaa kando ya mlango na leso kichwani. Nikasoma barua yako. Nilisoma vizuri, hata pale ulipoandika jina la mzee Onsongo, naye akainamisha kichwa kushukuru.

Mama akasema karatasi haina macho. Akasema hata yeye anaweza kumpa mtoto wa jirani kalamu aandike hivyo.

Hapo ndipo Baba mdogo alipojua la kufanya. Alisimama, akaenda ukutani, akang'oa ile bahasha ya nembo, akasema kumbe namba ya kazini kwa Kipkemboi ndiyo hii hapa, imeandikwa kwa wino mwekundu. Mimi sikuwa nimeisoma hiyo bahasha vizuri hata siku moja. Akabonyeza, akaweka spika, akaweka simu katikati ya meza kando ya kibuyu cha mursik.

Ililia mara moja tu. Ukapokea. Sebule nzima ilisikia: "Hii ni laini ya dharura ya baharini. Nakusikia. Uko wapi, mko watu wangapi, na kuna aliyeumia?"

Na Baba mdogo akajibu kama mtu aliyeulizwa na daktari: "Haloo, ni Johana hapa. Tuko Kaplong. Tuko watu kama forty. Hakuna mtu ameumia. Tunataka tu kijana yetu Kipkemboi aongee na wageni."

Kisha Baba mdogo akaanza kukutajia wazee mmoja mmoja kwa majina ili uwasalimie, nawe ukasema, "Baba mdogo, hii laini watu wanaipiga wakifa." Naye akasema hata hapa kuna mtu anakufa, ni dada yako. Nilitaka ardhi inimeze. Halafu ukasema, "Kata simu. Tafadhali, kata," na kabla hajakata ukakata wewe.

Mzee Onsongo hakukasirika. Aliniuliza polepole kama hiyo ndiyo kazi yako, kupokea simu za watu walio majini. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa muda mrefu, akasema hawezi kulazimisha mazungumzo ya ndoa juu ya kitu kama hicho, wataondoka, siku nyingine wataambiwa. Mageto alinitazama mara moja tu. Wakavaa viatu, wakaingia kwenye tope.

Nataka ujue kuhusu Mama. Alibaki pale mlangoni mpaka wageni walipopotea kwenye kona. Nikadhani anafurahi, nikawa tayari kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Lakini alikuwa analia. Alisema, "Ameuliza kama kuna mtu ameumia. Hajui ni sisi, na ameuliza." Kisha akasema hajakusikia ukiongea kwa upole namna hiyo tangu Baba azikwe, na ilibidi ipigwe simu ya watu wanaozama ndipo asikie.

Mimi sina upole leo. Sijui ulikuwa na nani kwenye hiyo laini. Najua hukuwa nasi. Tarehe kumi na nane Mei nitawaita wakwe mara ya mwisho, na Mama akikataa nitatoka na begi langu niende Kapsoit bila koito, kama mtu anayekimbia. Sikutaka hivyo. Nilitaka kutoka kwetu kwa mlango.

Tecla


Mombasa,
9 Mei 2024

Dada yangu Tecla,

Chamgei. Chamgei na kwa Mama. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naandika maelezo mengine kwanza, yale ya ofisini. Kila simu kwenye laini ile inarekodiwa. Msimamizi wetu amemsikiliza Baba mdogo mwanzo hadi mwisho. Amesikiliza mara mbili.

Sasa nitakwambia ambayo sikutaka.

Desemba kulikuwa na mpishi. Ni Mtanzania, wa Tanga, kwenye meli ndogo iliyotekwa. Alikuwa na simu ya setilaiti ambayo maharamia hawakuijua, alikuwa akijificha kwenye chumba cha kuwekea unga, ananipigia saa nne asubuhi na saa kumi jioni, dakika moja au mbili, kwa Kiswahili. Aliniambia meli iko wapi na watu wangapi bado wazima. Siku sita. Aliijua sauti yangu. Kisha nikaja nyumbani kwa kumbukumbu ya Baba, mnakumbuka nilivyokuwa nimekaa kimya mkaniita mwenye maringo. Saa nne akapiga. Akapokea mwenzangu mwingine, mtu mzuri, akasema kila kitu kama inavyotakiwa. Mpishi akasikia sauti ngeni, akaogopa, akakata. Hakupiga tena. Baadaye meli iliachiliwa na jina lake halikuwa kwenye orodha ya walioshuka. Hakuna anayenilaumu. Nimewauliza.

Ndiyo maana nilirudisha siku tano. Niliona kwamba nikitoka tena mtu atasikia sauti ngeni.

Jumamosi ya koito yako, kulikuwa na meli ya mizigo. Maharamia walikuwa wamepanda, na mabaharia ishirini na wawili wamejifungia chumba cha mitambo. Nilikuwa nimeongea na nahodha wao tangu asubuhi. Tulipatana anipigie kila dakika ishirini, na manowari ilikuwa njiani, bado mwendo wa saa tatu. Dakika yake ilipofika simu ikalia kwa namba nisiyoijua, nikapokea, na alikuwa Johana wa Kaplong na watu arobaini.

Tecla, nilimsikia Baba mdogo akitaja majina ya wazee, na laini ya pili inalia. Niliitazama inalia. Sikuweza kuipokea, na mwanzoni sikuweza kumkatia babangu mdogo mbele ya wakwe zako. Loice akanyoosha mkono akaipokea. Nahodha alisikia sauti ya msichana ambaye hajawahi kumsikia, na nikangoja akate.

Hakukata. Aliendelea pale pale alipokuwa ameishia na mimi. Loice alikaa naye mpaka manowari ilipofika. Wote ishirini na wawili walitoka, mmoja kavunjika mkono. Mimi nilikuwa nimekaa kando nimeshika kikombe kisicho na chai.

Mengine unayajua. Ile Desemba yako isiyowezekana nayo nimeielewa. Kazi yangu ni kusikia watu ambao hawasemi kila kitu, kwa hivyo hukuhitaji kuniambia. Sijamwambia Mama. Kula vizuri, sasa mko wawili, na mwambie mtu mwingine abebe hayo magunia ya majani.

Sasa, sheria yetu ni kwamba simu ikishaingia laini ile lazima iandikwe kwenye daftari la tukio, hata kama ni mtu amekosea namba, na tukio halifungwi mpaka kila nafasi ijazwe. Jioni ile nikaandika. Saa: nane na dakika arobaini. Mahali: Kaplong. Watu: arobaini. Majeruhi: hakuna. Msaada ulioombwa: mtoto wao. Hatua iliyochukuliwa: hapo kalamu ikakataa, nikaacha wazi, nikatia sahihi.

Msimamizi alilikagua daftari Jumatatu. Ni mzee wa hapa pwani, hana maneno mengi. Nilidhani ataniita anipe barua ya onyo, na barua hiyo nimepewa, iko hapa. Lakini daftari liliporudi mezani kwangu ile nafasi ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wake: Afisa ametumwa.

Nitashuka Kaplong Alhamisi, tarehe kumi na sita. Waambie watu wa Kapsoit waje. Getini nitakuja kuwachukua mimi.

Kakako,
Kipkemboi